Nzi Asiye na Jina Katika Bonde la Kilombero

Ukitaka kujua watu wa mahali fulani wameteswa na nini, usianze na vitabu vya historia. Anza na majina ya wadudu wao. Mtu aliyekulia Ifakara, hata kama hakusoma darasa moja, atakutajia mbu, mbung'o, papasi, usubi, kunguni, siafu na funza, na kwa kila jina atakueleza kovu au msiba. Mbu ni homa ya mtoto. Mbung'o ni malale na ng'ombe wasiofugika. Papasi ni homa inayokwenda na kurudi, iliyomngoja mgeni katika sakafu ya udongo. Usubi ni mwasho wa ngozi na, kwa wazee wengi wa upande wa Mahenge, macho yaliyofifia. Waliotudhuru tumewapa majina, na majina hayo tumeyarithi pamoja na hofu yake.

Lakini katika bonde hilohilo, juu ya tope lilelile na majani yaleyale ya mpunga, anaishi mdudu mwingine ambaye hakupata jina. Ni nzi mdogo. Wengi wa jamii yake hawazidi urefu wa punje ya mchele. Mwili wake hung'aa kijani cha shaba, mara nyingine kwa rangi ya dhahabu au buluu, na miguu yake ni mirefu na myembamba hata ukadhani ameazimwa na mdudu mkubwa kuliko yeye. Husimama juu ya jani akiwa ameinua kifua, kama askari wa zamu. Ukimsogelea, hayupo. Ukigeuka, amerudi palepale. Haumi mtu, hatui juu ya chakula, hafuati kidonda. Mkulima anayemwona humwita nzi tu, kisha huendelea na palizi.

Huyo nzi ni mwindaji, na habari zake zimenifanya nifikiri upya namna tunavyoandika historia ya Ifakara.

Wataalamu humweka katika ukoo uitwao Dolichopodidae, jina lililotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya miguu mirefu. Mfaransa Pierre André Latreille ndiye aliyeuanzisha ukoo huo katika vitabu vya elimu, mwanzoni mwa karne ya 19. Leo zaidi ya spishi 7,000 zimekwisha kuelezwa duniani, na mamia kati ya hizo ni za Afrika kusini mwa Sahara. Kwa hiyo tusemapo nzi huyu, kwa kweli tunasema juu ya taifa zima la nzi, kila mmoja na pahali pake: wengine majanini, wengine kwenye magome ya miti, wengine kando ya maji, na wengine wenye uwezo wa kukimbia juu ya uso wa dimbwi bila kuzama.

Karibu wote huishi kwa kuua. Windo lao ni viumbe wenye ngozi laini: vidukari wanaofyonza mimea, utitiri, mabuu ya wadudu wengine, nzi wadogo kuliko wao, na kwa baadhi yao hata viluwiluwi vya mbu vinavyokuja juu kuvuta pumzi. Nzi huyu hana sumu wala mwiba. Sehemu za kinywa chake hufunguka mithili ya viganja viwili, zikamkumbatia windo, zikamponda na kumfyonza. Watoto wake nao si wapole. Mabuu mengi ya ukoo huu huishi katika udongo wenye unyevu, katika tope na majani yaliyooza, na humo huwinda kama wazazi wao. Ufikapo wakati wa kugeuka, buu hujijengea kijumba cha chembe za udongo, akajifungia mpaka atoke na mbawa.

Sasa lifikirie bonde lenyewe. Upande mmoja ni kuta za milima ya Udzungwa, upande wa pili ni nyanda za juu za Mahenge, na katikati ni uwanda wenye urefu wa kilometa 250 hivi. Mito kadhaa hushuka kutoka milimani ikaungana na Kilombero, na Kilombero ukakutana na Luwegu kuwa Rufiji. Masika yanapokomaa, mto huvuka kingo na uwanda ukawa kama bahari ya majani. Maji yakipungua, hubaki mabwawa, vijito vya mwendo wa taratibu, na ardhi nyeusi ambayo Wandamba, Wambunga, Wapogoro, Wabena na wengine wengi wamelima mpunga kwa vizazi. Unyevu huo ndio uliotupa wali na samaki. Ndio uliotupa mbu vilevile. Na ndio makazi ya mwindaji wetu mwenye miguu mirefu. Mungu hakumpa mtu wa bonde kimoja bila kingine.

Kama historia ni kumbukumbu, basi nzi hawa wana kumbukumbu ndefu kuliko sisi. Katika kaharabu ya pwani za bahari ya Baltiki, ambayo ni utomvu wa miti uliogeuka jiwe tangu mamilioni ya miaka, ukoo huu ni miongoni mwa nzi wanaopatikana kwa wingi. Na hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Pwani yetu ilikuwa na sandarusi, utomvu mgumu uliofukuliwa ardhini katika nchi za Wazaramo na watu wa Rufiji, ukapelekwa Unguja, na kutoka Unguja ukasafirishwa mpaka Salem huko Marekani, na Ulaya, kutengenezwa vanishi ya kupaka samani na magari ya farasi. Katika karne ya 19 sandarusi ilikuwa moja ya bidhaa kubwa za soko la Unguja, pamoja na pembe na karafuu. Ndani ya vipande vingine walikutwa wadudu walionaswa utomvu ulipokuwa bado laini, na Ulaya walikuwako watu waliovichunguza vipande hivyo kwa hadubini. Mbelgiji Fernand Meunier, mwanzoni mwa karne ya 20, aliwakuta nzi wa ukoo wetu huu ndani ya sandarusi. Aliyekufukua kipande hakulipwa kwa ajili ya nzi. Alilipwa kwa uzito, na ni kidogo tu kati ya faida yote kilichofika mkononi mwake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa sehemu kubwa ya elimu hii. Nzi wa Afrika walikusanywa, wakachomwa pini, wakafungwa katika visanduku, wakavuka bahari. Hermann Loew, mwalimu wa shule katika Prussia, aliwaeleza wengi wao katikati ya karne ya 19, wakiwamo waliokusanywa na Wilhelm Peters katika safari yake ya Msumbiji. Padri Mfaransa Octave Parent aliendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1920 na 1930. Katika miaka yetu, Mrusi Igor Grichanov wa St. Petersburg ameitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwapanga upya nzi wa miguu mirefu wa Afrika, na katika kazi zake Tanzania inatajwa mara nyingi.

Siwalaumu watu hawa. Bila wao tusingekuwa na pa kuanzia. Hata hivyo, yafaa tuone jambo moja. Elimu yao ilikuwa elimu ya maiti. Spishi ilitambulishwa kwa umbo la mguu wa dume, kwa mishipa ya ubawa, kwa nywele za kifuani. Nzi huyu alikula nini katika jaruba la mpunga, watoto wake waliishi wapi wakati wa kiangazi, alipungua au kuongezeka mkulima alipobadilisha kilimo chake, hayo hayawezi kusomwa juu ya pini. Yanahitaji mtu wa mahali, akae pale, atazame.

Nawe usidhani kwamba ni nzi tu waliofichika. Kima wa Sanje, mnyama mwenye uzito wa mtoto mdogo na sauti inayosikika mbali, hakuingia katika vitabu vya sayansi mpaka mwaka 1979, ingawa watu wa chini ya Udzungwa walikuwa wakimjua siku zote. Kwera mmoja wa matete ya mto Kilombero, ndege wa rangi ya njano anayejenga karibu kabisa na Ifakara, alielezwa kisayansi mwaka 1990. Ikiwa ndege wa njano angeweza kusubiri mpaka 1990, mdudu wa milimita chache ana haki ya kusubiri zaidi.

Lakini hapa ndipo habari inapokuwa ngumu kidogo, kwa maana Ifakara si mahali palipokosa wanasayansi. Ni pachache katika Afrika Mashariki ambapo wadudu wamechunguzwa kwa bidii kama hapo. Profesa Rudolf Geigy, mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Basel, Uswisi, ambaye mwaka 1943 alikuwa ameanzisha Taasisi ya Tropiki ya nchi yake, alifika Ifakara mwaka 1949. Wakapuchini wa Uswisi walikuwa tayari na misheni na hospitali hapo. Mwaka 1957 maabara ndogo ya utafiti ikafunguliwa, na mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, kikaanza kituo cha kuwafunza waganga wasaidizi wa vijijini. Maabara hiyo ilikua, ikabadilika kuwa kituo cha Kitanzania cha utafiti na maendeleo ya afya mwaka 1996, na tangu 2008 inajulikana kama Taasisi ya Afya Ifakara.

Geigy na wenzake walianza na papasi. Waliingia katika nyumba za udongo, wakachokora sakafu na nyufa, wakahesabu. Walikwenda mpaka kwenye mashimo ya ngiri, wakakuta papasi humo pia. Walifuata mbung'o. Baadaye waliofuata nyayo zao walifuata usubi, na zaidi ya wote, mbu. Swali la Ifakara kwa miaka mingi lilikuwa moja: nani anatuuma, na tumzuieje?

Swali hilo lilikuwa la haki. Katika kijiji cha Namawala, vipimo vilivyofanywa karibu na mwaka 1990 vilionyesha kwamba mtu mmoja angeweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka, yaani karibu kila usiku. Mzazi aliyemzika mtoto hana nafasi ya kujali nzi wa kijani. Na majibu yaliyopatikana hayakuwa madogo. Mpango wa vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ulioanza mwaka 1997, ulichunguzwa kwa makini, na taarifa iliyochapishwa mwaka 2001 ilionyesha kwamba vyandarua hivyo vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Wapo watu wazima wanaotembea leo katika mitaa ya Ifakara ambao wasingekuwapo. Asiyeshukuru kwa hilo hana utu.

Pamoja na shukrani hiyo, nauliza: swali la nani anatuuma limetufunza kumwona kila mdudu kuwa ama adui ama si kitu. Katika mgawanyo huo, mwindaji wa adui yetu ameangukia upande wa si kitu.

Geigy mwenyewe alikuwa mtoto wa ukoo wa wenye kiwanda cha kemikali cha J. R. Geigy cha Basel. Ni katika kiwanda hicho ambapo Paul Müller, mwaka 1939, aligundua kwamba DDT huua wadudu, ugunduzi uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Dawa hiyo na ndugu zake zilileta matumaini makubwa. Katika nchi yetu, mpango wa Pare na Taveta wa miaka ya 1950 ulinyunyizia dieldrin kwenye kuta za nyumba, na Unguja na Pemba zilinyunyiziwa DDT kati ya mwaka 1958 na 1968. Malaria ilishuka sana. Kunyunyizia kulipokoma, ikapanda tena. Huo ni ushahidi kwamba dawa hufanya kazi. Ni ushahidi vilevile kwamba dawa hufanya kazi maadamu inaendelea kunyunyiziwa tu, ilhali mwindaji wa tope hufanya kazi bila bajeti ya wizara.

Dawa ya ukutani humwua aliye ndani ya nyumba. Ile ya shambani haichagui. Inapomwagwa juu ya mpunga, humwua anayekula jani na anayemla mla jani. Tena mara nyingi wa pili huchelewa kurudi, kwa kuwa mlaji wa mimea huzaana haraka akikuta chakula tele na maadui hakuna. Waindonesia walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Walipopewa dawa kwa bei nafuu ya serikali, wakulima wao wa mpunga walinyunyizia kwa wingi, na mdudu mmoja mfyonzaji akazidi badala ya kupungua, kwa sababu buibui na wawindaji wengine walikuwa wamekufa. Mwaka 1986 Rais Suharto alitoa amri iliyopiga marufuku aina 57 za dawa katika mpunga, na wakulima wakafundishwa kuingia shambani kuwatazama wadudu kabla ya kushika bomba. Somo lao la kwanza lilikuwa kutofautisha rafiki na adui.

Na kwetu je? Mwaka 2007 ilichapishwa taarifa kutoka Mbita, ukingoni mwa ziwa Victoria upande wa Kenya. Wachunguzi walikuwa wamemtazama nzi mdogo wa kando ya maji, Ochthera chalybescens, ambaye jina lake alipewa na yuleyule Loew wa karne ya 19. Si wa ukoo wa miguu mirefu, ila ni jirani yake wa tope, na kazi yao inafanana. Miguu yake ya mbele ni minene na imekunjwa kama ya vunjajungu. Walimweka pamoja na viluwiluwi vya mbu waenezao malaria, wakakuta kwamba nzi mmoja mzima aliweza kuua wengi kwa siku moja, na kwamba hata mabuu yake yaliwinda viluwiluwi. Basi tangu jina lake litolewe mpaka mtu amwulize anakula nini, ilipita zaidi ya karne moja. Na alikuwa pale siku zote, kwenye vidimbwi vya nyayo za ng'ombe.

Nakumbuka bibi yangu akituweka juu ya dungu kuamia ndege mpunga ulipoanza kuchanua. Alikuwa akitukataza kuua kereng'ende. Hakutupa sababu ndefu. Alisema tu kwamba yule ni mchunga maji. Buibui wa shambani naye aliachwa. Sidhani kwamba aliwahi kusikia habari za mizani ya viumbe, ila alikuwa ameishi mahali pamoja muda wa kutosha kuona nani hula nani. Elimu ya namna hiyo haikuandikwa, na kila dungu linalobomolewa huondoka na sehemu yake. Leo duka la pembejeo liko karibu kuliko bibi.

Bonde nalo limebadilika. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilileta wakulima na wafanyabiashara kutoka kila upande. Daraja kubwa la mto Kilombero limefunguliwa mwaka 2018, na kivuko cha zamani kimebaki katika masimulizi. Mwaka 2002 ardhi oevu ya Kilombero, karibu kilometa za mraba 8,000, iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar, lakini majaruba, mifugo na mashamba makubwa vimeendelea kusogea ndani yake. Mbu nao wamebadilika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika vijiji kadhaa vya bonde, spishi ya Anopheles funestus, ingawa si wengi kuliko wenzao, ndiyo iliyobeba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi ya malaria, na kwamba imekuwa sugu kwa dawa tunazopaka katika vyandarua. Mbu huyu hupenda kuzaliana katika maji yanayodumu: visima vya chemchemi, mabwawa ya asili, kingo za mito itembeayo polepole. Ni maji yaleyale ambayo wawindaji wadogo huyapenda. Mwenye kuyatia sumu maji hayo anapigana na pande zote mbili kwa pamoja, na aliye sugu ni mmoja tu.

Nisieleweke vibaya. Simwombi mtu yeyote ashushe chandarua akitumaini nzi wa kijani atamlinda. La hasha. Mwindaji huyu hajui kwamba mbu ni adui yetu. Hula kinachomwenea kinywani, mara rafiki wa mkulima, mara adui wake. Kwa maelfu ya miaka amekuwapo Kilombero na malaria ikawapo. Lakini kati ya kusema jambo halitoshi na kusema jambo halina thamani pana nafasi kubwa, na katika nafasi hiyo ndimo sehemu kubwa ya maisha yetu inamopita. Mkunga wa kijiji hakutosha, wala mwalimu mmoja wa shule ya kati, wala mzee wa baraza. Kila mmoja alizuia sehemu yake ya maovu, na hapana aliyehesabu yale yaliyozuiwa, maana baya lisilotokea haliachi kaburi.

Hapo ndipo ninapoona upungufu wa historia zetu. Tunaandika vita, njaa, magonjwa na waliotuletea. Vita vya Maji Maji vilivyopita Ifakara na Mahenge mwaka 1905 tunavijua, na ni lazima tuvijue. Malale tunayakumbuka, na papasi pia. Historia ya majeraha huandikwa kwa urahisi kwa sababu kovu linaonekana. Historia ya wale waliofanya jeraha lisiwe kubwa zaidi haina tarehe wala mnara.

Vijana wa Kitanzania wanaofanya kazi katika maabara za Ifakara leo wana hadubini bora kuliko ya Geigy, nao wamezaliwa na lugha yetu. Wameanza kuhesabu viumbe wengine wanaoishi pamoja na viluwiluwi katika visima na mabwawa, na hiyo ni dalili njema. Wakiongeza kazi moja juu ya hizo, naomba iwe ya kuwauliza wazee wa bonde, kabla hawajaondoka, walimwitaje kila mdudu waliyemwacha aishi. Baadhi ya majina yatapatikana katika Kindamba au Kipogoro. Mengine itabidi yatungwe.

Nzi mwenyewe hana haja ya jina. Haja ni yetu, kwa kuwa mkulima hawezi kumwacha hai mdudu ambaye hana la kumwita, na mtoto hawezi kukatazwa kumwua asiyetajika. Wakati huo ukifika, atakuwa amesimama juu ya jani la mpunga, kifua juu, akitazama majini.